Mdomo wa Kipa

Wanaodhani kipa anadaka kwa mikono hawajawahi kuolewa na kipa. Mikono ni ya dakika ya mwisho, mambo yakishaharibika. Kabla ya hapo kipa anadaka kwa mdomo. Anamwambia beki asogee kushoto, anamwambia kiungo kwamba mgongoni kwake kuna mtu, anamchokoza mshambuliaji wa wenzao mpaka jamaa anapaisha mpira juu ya lango kwa hasira. Mume wangu kule nyumbani walimwita Redio, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu tu, maana hata msibani alikuwa akishindwa kujizima.

Mimi nilimpenda kwa mdomo huohuo. Alinitongoza akiwa langoni, mchezo unaendelea upande wa pili wa uwanja, mimi nimekaa nyuma ya nyavu na dada yangu. Ananiuliza kama nimekula huku akiwapanga mabeki wake kwa makelele. Nikamwambia aangalie mpira. Akasema mpira anausikia, anayemtia wasiwasi ni mimi. Dada yangu alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikajua nimekwisha.

Klabu iliyomchukua ng'ambo ilikuwa ya mji wa viwanda, mji wenye mvua nyembamba isiyojua kukatika. Walitupa nyumba ya vyumba viwili juu ya duka la matairi, na harufu ya raba mpya ilikuwa ikitangulia kupanda ngazi kabla yetu. Mkataba ulikuwa wa msimu mmoja. Akifaa wataongeza, asipofaa turudi tulikotoka. Na umri wake haukuwa wa kubahatisha tena. Magoti yalishaanza kulia asubuhi, na kwa kipa wa umri ule hakuna klabu nyingine inayongoja nyuma ya mlango. Tulikuwa tunajua, wote wawili, kwamba hii ndiyo ya mwisho.

Wachezaji wageni walikusanywa mara mbili kwa juma katika chumba cha kuhifadhia koni na mipira iliyoisha upepo, wafundishwe lugha ya pale na mwalimu mstaafu, mama mmoja mwenye subira ya kutisha. Kulikuwa na winga aliyetoka nchi nyingine kabisa, na yeye alikuwa akisinzia darasani waziwazi. Kazi yake ilikuwa kukimbia pembeni na kumwaga krosi. Hata angekuwa bubu wangempanga. Mume wangu hakuwa na raha hiyo. Alifundishwa maneno ya kazi yake kwanza: yangu, ondoa, simama, panda, mtu nyuma. Akawa anayapigia kelele bafuni wakati wa kupiga mswaki, povu linarukia kioo, mimi ndiye wa kufuta.

Kusema hakukumshinda sana. Kilichomshinda ni kuambiwa. Akishapiga kelele yake, mabeki wanamjibu, na jibu halikuwa kwenye yale maneno aliyofundishwa. Basi anatikisa kichwa kukubali. Kocha akimweleza jambo refu, anatikisa kichwa. Daktari wa timu akimuuliza wapi panauma, anatikisa kichwa. Nilianza kukichukia kichwa kile kinachokubali kila kitu. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo wenzake wakicheka, na yeye anacheka, lakini wao wakiwa wameshamaliza. Yule aliyekuwa akivunja watu mbavu sasa alikuwa mtu wa kuchekea nyuma.

Mimi lugha yao iliniingia upesi zaidi, na si kwa akili. Nilipata kazi ya kukunja mashuka ya hoteli kwenye nyumba ya kufulia, wanawake peke yao, mvuke mpaka darini, mashine ya kunyoosha inameza shuka upande huu na kulitema upande wa pili, na wewe na mwenzako mnalidaka pembe kwa pembe. Ukichelewa kuelewa, shuka linaanguka na mnafokewa wote wawili. Hawakunionea huruma hata kidogo. Nilitukanwa kwa lugha ile mpaka nikaweza kuitukania na mimi, na siku niliyoweza ndiyo siku waliyoanza kuniachia nafasi kwenye benchi wakati wa kula.

"Wewe unajifunzaje?" aliniuliza jioni moja.

"Nakosea, wananicheka, nakumbuka."

"Ndiyo hivyo," akasema. "Mimi nikikosea, linaingia goli."

Katika timu nzima aliyemjali hasa alikuwa nahodha, beki wa kati, mtu mrefu asiyekuwa na nyama, mimi nilimpa jina la Mlingoti. Ndiye aliyetusaidia kupandisha kitanda ngazi zile. Kwenye mazoezi alikuwa akibaki na mume wangu wenzao wakishaingia bafuni, anamwonyesha nguzo, anaitaja, anamwonyesha nyasi, anazitaja, kama mtu na mtoto wake. Mume wangu alikuwa akirudi nyumbani siku hizo na uso wa zamani.

Sasa nije kwenye ile siku. Ilikuwa kona, uwanja umelowa, mpira umeelea katikati ya vichwa vingi. Mume wangu alitoka langoni, na alitoka vizuri, hata leo nitamtetea. Mlingoti naye aliruka akirudi nyuma, macho juu, haoni kilichoko mgongoni. Kipa akiita kwa lugha yao kwamba mpira ni wake, beki anajikunja na kupisha. Mume wangu aliita. Nilimsikia kutoka jukwaani, sauti ile ninayoijua, kubwa, imejaa hofu: "Niachie!"

Katika uwanja mzima niliyeelewa ni mimi peke yangu.

Mlingoti hakupisha. Mume wangu alimwangukia kwa uzito wake wote, na mguu wa yule mtu ulikunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Sikuusikia, wanasema waliokuwa karibu waliusikia. Nilichokiona ni mume wangu amepiga magoti kwenye tope anamshika yule mwenzake shavu na kumsemesha, anamsemesha bila kupumua, kwa lugha yetu yote, na Mlingoti anamtazama tu.

Tulikwenda kumwona hospitali. Mguu umejaa vyuma, mkewe kakaa pembeni hatutazami. Mlingoti alitabasamu, akasema maneno machache, na mume wangu akatikisa kichwa.

"Amesema si kosa lako," nikamwambia tulipotoka kwenye korido.

"La nani basi?"

Nikabonyeza kitufe cha lifti.

Juma lililofuata kocha aliniita na mimi ofisini, nikawe mkalimani. Ilikuwa ofisi ndogo yenye ubao wa sumaku nyekundu na bluu, na sumaku ya mume wangu ilikuwa imeshatolewa langoni na kubandikwa pembeni, peke yake. Kocha hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia. Aliuliza mume wangu alisema neno gani siku ile. Nikamwambia. Akalirudia polepole, vibaya, kama anayeonja dawa.

"Sina hasira naye," kocha akaniambia. "Mwambie hivyo. Anazijua kelele zetu, mazoezini anazipiga vizuri. Lakini mtu akiogopa, mdomo wake unakimbilia kwao. Siwezi kumweka langoni mtu ambaye mdomo wake unakimbilia kwao."

Nikatafsiri. Mume wangu akauliza: mpaka lini?

Kocha alifikiri. "Mpaka aogope kwa lugha yetu," akasema.

Hilo nalo nikalitafsiri neno kwa neno, na nilipomaliza nikaona mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu tuje, anatikisa kichwa kwa jambo alilolielewa.

Tulipofika nyumbani, kabla hajavua koti, akasimama katikati ya sebule. "Kuanzia leo humu ndani hakuna lugha yetu."

"Hata matusi?" nikamuuliza.

"Hasa matusi."

Nilidhani utani. Nikasema huyu atashika mpaka chakula kiive, akisikia harufu atanizungumzia kama mtu. Chakula kikaiva. Akaketi, akatafuta maneno kwenye ile lugha ya watu, akaniambia: "Mimi njaa. Wewe pika nzuri. Asante." Nikacheka peke yangu mpaka nikaona aibu.

Juma likapita, na jingine. Nikimsemesha kwa lugha yetu anatazama dirishani, kana kwamba kelele imetoka kwenye duka la matairi. Ikabidi nimfuate huko aliko. Basi tukawa tunazungumza jikoni kwetu kama muuza duka na mteja. Wewe choka? Mimi osha sahani. Kesho mvua. Mwanamume aliyenitongoza huku anacheza mpira, sasa kitandani ananishika mkono gizani na kuniambia, "Wewe mzuri. Mto mzuri." Najua alichotaka kusema. Lakini mtu hawezi kuishi kwa kujua tu kilichotakiwa kusemwa.

Siku moja nilishindwa kujizuia. Nilimfokea kwa lugha yetu kuanzia mlangoni mpaka jikoni, nikamwaga yote, kwamba nimeolewa na mtu na sasa naishi na mpangaji, kwamba hata ugomvi ameninyima, kwamba nyumba yenye watu wawili haiwezi kuwa kimya hivi isipokuwa mmoja amekufa. Alisikiliza mpaka mwisho. Masikio yalimwiva, kwa hiyo alielewa kila neno. Kisha akatafuta jibu, nikimwona anavyolitafuta, taya zinacheza, macho kwenye dari. Mwishowe akapata.

"Pole," akasema kwa lugha yao. "Kesho nzuri."

Unagombana vipi na mtu wa hivyo?

Halafu akaja na lile la sufuria. Alikuwa ameshagundua kwamba kuzungumza si kipimo, maana mtu akitulia anaweza kuchagua maneno. Kipimo ni kushtuka. Akanieleza kwa lugha yao na kwa mikono: yeye asione, mimi nipige kelele au nimrushie kitu, yeye aogope, tusikilize kitatoka nini.

Nilikataa. Akaomba, na kuomba kwake kulinishinda, kwa sababu hakuwa na maneno ya kuombea. Asubuhi moja akiwa ananyoa ndevu nikaangusha mfuniko wa sufuria nyuma yake. Akaruka nusura ajikate shingo.

"Mama yangu wee!"

Kwa lugha yetu, wazi kabisa. Mimi moyo ulifurahi, jamani, nilikuwa sijaisikia sauti ile siku nyingi. Yeye alipiga sinki ngumi na kuniambia nirudie.

Tukaendelea. Nilimmwagia maji baridi akiwa anaoga. Nilijificha nyuma ya mlango wa choo. Nilimrushia mpira akiwa na kijiko mdomoni. Fundi wa duka la matairi alinisimamisha chini ya ngazi siku moja, akaniuliza kwa upole kama mume wangu ananipiga. Nikamwambia hapana, mimi ndiye ninayempiga. Hakucheka, na tangu siku ile akawa anamsalimia mume wangu kwa heshima ya pole.

Kadiri siku zilivyokwenda, ile "mama yangu" ilianza kuchakaa. Ikabaki "mama." Ikabaki "ma." Kisha ukaja wakati wa pumzi tupu: anaruka, macho yanamtoka, mdomo wazi, na hakitoki kitu chochote, cha kwetu wala cha kwao. Wakati huo ndio ulionitisha. Nilikuwa nikimtazama na kujiuliza tumemweka wapi.

Mama yake, mama mkwe wangu, alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Redio ile ilikuwa na mtambo wake, na mtambo ulikuwa yeye. Alikuwa akisimulia habari za mtaa mzima bila kumeza mate, nani kaoa, nani kaachwa, mbuzi wa nani kala nguo za nani, na zamani mume wangu akimjibu kwa mzaha mkubwa zaidi, wanabishana mpaka salio linakwisha. Sasa simu ikilia ananifanyia ishara kwa mkono. Mimi namwambia mama kwamba mwanawe yuko mazoezini.

"Jumapili?" mama anauliza. "Hao watu hawana hata siku ya kukaa?"

"Hawana, mama."

"Haya. Mwambie mimi sitaki cha ajabu. Aniletee uongo wake mmoja tu, nicheke, nikalale."

Namtazama mume wangu aliyekaa mbele yangu amekumbatia magoti, simu ina sauti kubwa na anasikia yote. Nikamwambia baada ya kukata, kwa lugha ya kwao hao ili asinigeuzie uso, kwamba anamuumiza mama yake. Akajibu kwamba akizungumza na mama mara moja, kazi yote inaharibika. Hayo ndiyo niliyoelewa. Alichosema hasa ni, "Mama fungua. Mimi mlango. Mlango fungua, yote toka."

Na kazi ikaitika. Alasiri moja nilikuwa naosha vyombo, sufuria ya chuma ikaniponyoka yenyewe, bila mpango, ikapiga sakafu. Yeye alikuwa kwenye kiti amesinzia. Aliruka mikono mbele na kupaza sauti: yangu! Kwa lugha yao. Lafudhi yao, mkazo wao. Tulitazamana. Halafu akanibeba juu juu akanizungusha jikoni, na mimi nikawa nacheka, nimekumbatia shingo yake, mikono ina sabuni. Nilifurahi kweli. Nilifikiri sasa imekwisha, amefaulu, atanirudia.

Kocha alimjaribu mazoezini, kisha akampanga. Nilikuwepo. Ilikuja krosi mbaya, mvua usoni, miguu kila mahali, na mume wangu akatoka na kuita, na mabeki wote wakainama kama majani. Akaupiga mpira ngumi mpaka katikati ya uwanja. Jukwaa likalitaja jina lake. Nilimsikia anapiga kelele mchezo mzima, na watu wote uwanjani walimwelewa. Alhamisi wakamwongezea mkataba. Alipanda ngazi mbili mbili, akasimama mlangoni, akasema, "Sisi baki!"

Nikamwambia kwa lugha yetu, "Hongera. Sasa basi. Sasa nizungumzie."

Alitabasamu. Akafungua mdomo, akaufunga. Akanipapasa bega, akaingia kuvua viatu. Nikasema moyoni, amezoea, itamchukua siku mbili tatu.

Simu ililia Jumatatu, mchana mweupe, tunakula. Alikuwa wifi yangu, dada yake. Alikuwa analia na kujikaza kwa pamoja. Mama amepelekwa hospitali tangu usiku, kifua kimembana, madaktari wanatazamana. Anamtaka mwanawe. Asije, hawezi kuwahi, ila amsikie tu, hata neno moja.

Mume wangu alikuwa ameshasimama, kiti kimeanguka nyuma yake. Nikampa simu. Hakusita, nataka ijulikane hivyo. Aliinyakua kwa mikono miwili. Tukasikia wifi anamsogezea mama simu, na pumzi ya mama, nzito, inakwaruza.

"Baba'ngu," mama akasema. "Ni wewe?"

Kifua cha mume wangu kilipanda. Niliiona midomo inajipanga kwa ajili ya "mama," niliiona kabisa. Kikatoka cha kwao. Mama, mimi niko hapa, alisema, kwa lugha ile, vizuri kuliko siku zote, kama watoto wa pale wanavyowaambia mama zao.

Akashtuka mwenyewe. Akajipiga mdomo kwa kiganja, akajaribu tena. Kikatoka kilekile. Nikamshika kichwa nikamwambia sikioni, kwa lugha yetu, sema "mama, ni mimi." Sema hivyo tu. Jasho lilikuwa linamtiririka puani. Alikuwa anatikisa kichwa, anasema ndiyo, ndiyo, kwa lugha yao, na kila alipozidi kuogopa sauti ilizidi kupanda na maneno yakazidi kuwa ya kwao. Mpaka akawa anapiga kelele. Mimi hapa, mimi hapa, kwa sauti ya langoni, na mama yake upande wa pili kanyamaza.

"Mkwe," mama akaniita.

Nikaichukua simu. "Abee, mama."

"Huyo kijana mwambie asante. Simwelewi, lakini naona ana huruma." Akavuta pumzi, ikachukua muda kurudi. "Sasa niitie mtoto wangu. Fanya haraka, mwanangu, pumzi inaniishia."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amesikia yote na ameelewa yote, kila neno, mdomo uko wazi.

"Anakuja, mama," nikasema. "Huyo anapanda ngazi."

"Anakuja?"

"Anakuja."

Nikakaa hivyo, simu sikioni, ninamwambia anakuja, mama, anakuja, amefika mlangoni, mpaka wifi akaichukua simu kule na kuniambia basi, nyamaza, hakusikii tena.